Kopo la Vifungo

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, lifti ya jengo lile la ghorofa nane ilikuwa imekwama. Watu wapatao thelathini walikuwa wamesongamana ukumbini wakimtazama fundi kana kwamba ndiye aliyeimeza.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango uliofunguka nusu, tochi mdomoni, bisibisi mkononi. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imevaliwa nusu, mikono ya nguo imefungwa fundo kiunoni, kwa sababu alikuwa amechelewa kuamka. Simu mfukoni ililia kwa mara ya nne. Kwake yeye Jumatatu ilikuwa siku ya kuvumiliwa mpaka ipite. Kazi zenyewe alikuwa akizianza Jumanne.

"Fundi, hii lifti imegombana na sisi au na wewe?" aliuliza karani mmoja aliyekuwa na bahasha kwapani.

Fundi alitoa tochi mdomoni. "Na wewe. Mwenzio anayepanda nayo kila siku hajawahi kuipiga teke."

Watu wakacheka, karani akanuna. Wakati huohuo mlango mkubwa ukasukumwa na akaingia mwanamke mwenye jora la kitambaa cheupe begani. Alivaa gauni la kijani lililomkaa bila kumbana, viatu vya chini, na nywele alikuwa amezifunga kwa kitambaa. Shingoni alikuwa amening'iniza futi ya kupimia, kama wengine wanavyovaa mkufu. Hakusonya. Alipita katikati ya watu mpaka mbele.

"Dakika ngapi, Fundi?"

Asubuhi nzima hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali lenye jibu.

"Kumi na tano."

"Kumi na tano za kweli, au za kututuliza?"

Fundi alimtazama vizuri. "Za kweli ni arobaini."

"Ahsante. Basi napanda ngazi."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita."

"Na jora hilo lote?"

"Halijawahi kupanda lenyewe," alisema, na tayari alikuwa ngazi ya tatu.

Fundi alizima simu iliyokuwa inalia, akavaa ovaroli yake vizuri, akaitengeneza lifti kwa dakika thelathini na moja. Alijua ni thelathini na moja kwa sababu alizihesabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Yule ni nani?" alimuuliza mama mlinzi wa mlangoni, mwanamke mnene mwenye kofia iliyolalia sikio moja na ulimi usiopumzika.

"Umeona eeh! Wote wanauliza. Anaitwa Mkasi. Mkataji mkuu wa karakana ya ushonaji ya shangazi yake, ghorofa ya sita. Na ushauri wangu ni bure: Jumatatu usimfuate kabla ya saa sita mchana. Atakukata."

Saa sita na dakika mbili, Fundi alikuwa ghorofa ya sita, akijifanya kupima mlango wa lifti. Mkasi alitoka na chupa ya maji, mikono ina vumbi la chaki.

"Mlango mzima huo," alisema. "Nimekuona unaupima mara mbili."

"Mara tatu. Ya kwanza hukuiona."

Alicheka. Fundi akajua kwamba atarudi kuupima mlango ule tena na tena.

*

Haikuchukua muda. Ilipofika wiki ya tano walikuwa wanakula pamoja kila jioni ya Ijumaa, na simu zao zilikuwa na maneno ambayo mama mlinzi, aliyeyasikia ya upande mmoja tu, aliweza kuyakamilisha mwenyewe.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda. Tafuta chakula."

Fundi alimsifu hata alipokuwa peke yake. Alisifu jinsi Mkasi alivyoweza kumtazama mtu akipita njiani na kusema, "Bega la kushoto limeshuka, kola hiyo haitamkaa," na ikawa kweli. Alisifu nguo zake, ambazo hazikuwa nyingi, lakini kila moja ilionekana kama imefikiriwa. Zaidi ya yote alisifu kitu asichokielewa: kwamba mwanamke huyu aliingoja Jumatatu kama watoto wanavyongoja likizo.

"Hebu niambie," alimuuliza siku moja. "Unaipendea nini siku mbaya kama ile?"

"Njoo uone. Saa moja kamili. Ukishaona, uondoke."

Alikwenda. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, cherehani kumi na mbili upande wa pili, na katikati meza ya kukatia yenye urefu wa hatua tisa. Juu ya meza safu arobaini za kitambaa zilikuwa zimetandazwa tangu Jumamosi, ili kitambaa kilichovutwa kwenye jora kipumzike na kurudi katika kipimo chake. Mkasi aliifuta meza. Akakifuta kisu cha mashine ya kukatia, akakinoa, akakijaribu kwenye kipande cha mabaki ya kitambaa. Kisha akachukua chaki na kuandika sentensi moja ukingoni mwa meza: *Leo, vipande vya mbele, arobaini.*

"Mbona umeandika moja? Wiki nzima mna kazi ngapi?"

"Nyingi. Lakini mkono ni mmoja, na leo una kazi hiyo." Alizima simu yake, akafungua kopo la bati lililojaa vifungo, akaizamisha humo kama anayepanda mbegu, akafunika. "Inatoka saa sita. Angalia hapa." Alibonyeza kidole juu ya safu za kitambaa. "Mshonaji akikosea, anafumua. Mimi nikikosea hakuna cha kufumua. Na sikosei nguo moja, nakosea nguo arobaini kwa mpigo."

"Na kama mimi nina jambo la haraka?"

"Una siku sita na nusu za kuwa na haraka, mpenzi. Nakuomba hii nusu moja tu."

Ilionekana rahisi. Fundi aliahidi huku akicheka, na hilo lingetosha kumwonya yeyote aliyemjua.

*

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, msimamizi wake alimpigia. Kampuni ilikuwa imepata kazi ya kufunga lifti kwenye hospitali mpya katika mji mwingine, mbali, kwa mwaka mzima, na yeye atakuwa fundi mkuu. Jibu lilitakiwa kabla ya adhuhuri, vinginevyo nafasi ingekwenda kwa mwenzake.

Fundi alipiga simu ya Mkasi. Imezimwa. Alipiga mara tisa, kana kwamba simu iliyozimwa hubadili mawazo. Alijua iko wapi. Aliliona lile kopo akilini mwake, na kwa mara ya kwanza likamkera. Mtu anayekupenda, alijiambia, hawezi kukufungia nje pamoja na wageni.

Akapanda ngazi mbilimbili. Mama mlinzi alimpigia kelele, "Fundi! Saa nne hii!" Hakugeuka.

Mkasi alikuwa ameinama juu ya meza, glavu ya nyuzi za chuma mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiongoza mashine polepole kwenye mkunjo wa shingo, sehemu ngumu kuliko zote. Fundi alisukuma mlango ukagonga ukuta.

"Mpenzi! Nataka kukuuliza—"

Mkasi aliinua macho. Nusu sekunde tu. Kisu kiliacha mstari wa chaki, kikaingia kifuani mwa kitambaa, urefu wa kidole, tangu safu ya juu hadi ya arobaini.

Alizima mashine. Karakana nzima ikanyamaza, cherehani moja baada ya nyingine. Zilikuwa sare za wauguzi, na zilitakiwa Ijumaa.

"Samahani," alisema Fundi. "Sikujua kwamba—"

"Ulijua." Hakupaza sauti. "Ndiyo maana inauma. Wewe ndiye pekee niliyekuonyesha. Nenda, Fundi."

Shangazi alikuwa ametoka ofisini, miwani kichwani. Alikitazama kitambaa, akamtazama mpwa wake. Fundi alikuwa bado mlangoni alipomsikia Mkasi akisema, "Mkono wangu, Shangazi. Nimeteleza." Hakuongeza neno.

Ngazini Fundi alipiga simu kwa msimamizi na kukubali kazi. Alikubali kwa hasira, na hakujua hasira hiyo ilikuwa ya nani.

*

Wiki nzima hakupokea simu wala ujumbe. Habari zilimfikia kwa mama mlinzi, ambaye alizitoa kidogokidogo kama dawa.

"Wamekata upya, wameshona upya, Ijumaa sare zimekwenda. Lakini Shangazi amemwondoa mezani. Meza kubwa amepewa yule kijana wa zamu ya pili. Mkasi sasa anakata mifuko na kola, pembeni."

"Hakumwambia ni mimi?"

"Akuseme wewe? Kwani wewe ulifanya nini, ulishika kisu?" Alimkazia macho. "Mimi ningekusema. Na picha yako ningeibandika hapa mlangoni."

Jumatatu iliyofuata Fundi alikuwa ndani ya shimo la lifti, akijiandaa kukanyaga paa la chumba cha lifti kukagua nyaya. Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo ni kubonyeza swichi nyekundu ya kusimamisha kabla mguu haujagusa paa. Simu ikalia. Akidhani ni Mkasi, alitia mkono mfukoni na mguu ukatangulia. Mtu wa ghorofa ya nne akaita lifti. Paa likapanda kama urefu wa mkono, kwa kishindo, kabla hajaipiga swichi kwa kiganja.

Hakuumia. Alikaa pale gizani, mgongo ukutani, akapima jambo lile kama anavyopima hitilafu yoyote. Lifti ilikuwa nzima. Swichi ilikuwa nzima. Aliyepiga simu alikuwa muuza vipuri. Kilichokosekana kilikuwa akili ya fundi mahali fundi alipo. Akaelewa, kwa kuona na siyo kwa kuambiwa, kwamba kopo lile la bati halikuwa ukuta baina yake na Mkasi. Lilikuwa swichi yake nyekundu.

Katika kampuni yao, kila hitilafu iliandikwa kwenye fomu, na msimamizi alikuwa na tabia moja iliyowachosha mafundi wote: aliirudisha fomu yoyote iliyotaja "bahati mbaya" kwenye nafasi ya sababu. Bahati haina bisibisi, alikuwa akisema, andika kilichotokea. Fundi alichukua fomu mbili. Ya kwanza aliandika kuhusu paa la lifti, akaipeleka kwa msimamizi, akakaripiwa ipasavyo. Ya pili aliandika hivi:

*Mahali: karakana ya ushonaji, ghorofa ya sita. Hitilafu: vipande arobaini vya mbele vimekatwa kifuani. Sababu: fundi wa lifti, akiijua kanuni ya meza ile, aliingia bila ruhusa saa nne asubuhi na kupiga kelele wakati mashine iko kwenye mkunjo. Hali ya mkataji: makini, mstari sahihi hadi alipokatizwa. Hatua: fundi asiruhusiwe kuingia Jumatatu kabla ya saa sita. Mkataji arudishwe mahali pake.*

Akatia saini, akangoja saa sita ipite, akaipeleka kwa Shangazi mwenyewe.

Shangazi aliisoma amesimama. Aliisoma tena ameketi. "Wewe ndiye fundi huyu?"

"Ndimi, Mama."

"Na umejiandikia mwenyewe?"

"Fomu hujazwa na aliyekuwapo."

Mama yule alivua miwani. "Nina watu ishirini na mmoja humu ndani. Kila kitu kinachoharibika, kinaharibiwa na cherehani, umeme au shetani." Akaikunja fomu, akaitia kwenye droo. "Nenda. Na mlango wangu usiugonge ukuta tena, rangi imebanduka."

*

Mkasi alimkuta ngazini jioni ile, baina ya ghorofa ya tatu na ya nne. Alivaa gauni lilelile la kijani, na futi ilikuwa bado shingoni. Alisahau kuivua, ishara kwamba hakuwa ametulia.

"Nani alikutuma kuniombea?"

"Sikukuombea. Nimeandika kilichotokea."

"Ulimwambia Shangazi kwamba mkataji alikuwa makini. Wewe unajua nini kuhusu mkunjo wa shingo?"

"Nikiwa pale mlangoni niliuona mstari ulivyokwenda mpaka nilipokukatiza. Ulikuwa juu ya chaki kabisa. Hata mimi huwa sinyooshi reli ya lifti hivyo."

Mkasi alitaka kubaki na hasira. Ilionekana jinsi alivyoitafuta. "Nimerudishwa kwenye meza," alisema hatimaye.

"Mama mlinzi ameniambia. Na mimi nimeambiwa nisafiri Jumatatu ya wiki ijayo. Mwaka mmoja. Ndilo jambo nililokuja—"

"Usiniulize sasa." Alinyoosha kiganja. "Nina hasira bado, nitajibu vibaya, halafu nitalishikilia jibu kwa sababu ya kiburi. Unanijua."

"Nakujua."

"Treni ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Saa nne ya Jumatatu. Fundi aliona swali likipita machoni pake: je, ataniomba nije stesheni?

"Utakuwa unakata nini siku hiyo?" aliuliza.

"Mashati ya wanafunzi. Vipande vya mbele, arobaini."

"Basi kata vizuri, Mkasi."

Alishuka ngazi haraka kabla hajasema zaidi, na safari hii hakuruka hata moja.

*

Jumatatu ya safari aliamka saa kumi na moja na nusu. Alipiga ovaroli yake pasi. Alifungasha vifaa vyake kwa mpangilio, akakagua kila kimoja. Saa moja na nusu alipita mbele ya lile jengo, begi begani, akasimama upande wa pili wa barabara. Ghorofa ya sita madirisha yalikuwa wazi. Aliyaangalia, akayafurahia, akatia mkono mfukoni penye simu, akautoa mtupu.

"Wee Fundi!" Mama mlinzi alikuwa anavuka barabara, kofia mkononi, akisimamisha magari kwa mkono mwingine. "Unasimama kama nguzo ya umeme, na mimi nina mzigo wako tangu saa moja kasoro!"

Kilikuwa kifurushi cha karatasi ya kahawia kilichofungwa kwa uzi.

"Amesema nini?"

"Amesema ufungue ukiwa kwenye treni. Mimi nimefungua kidogo pembeni. Sikuelewa kitu."

Alifungua treni ilipotoka mjini. Ovaroli mpya, buluu iliyokolea, mshono wake umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Alikwenda chooni, akaivaa juu ya nguo zake, akarudi kuketi. Ilimkaa. Hakuwahi kupimwa. Hata bega lake la kulia, lililoshuka kidogo kwa miaka ya kubeba sanduku la vifaa, lilikuwa limekumbukwa. Kitu kimoja tu hakikueleweka: haikuwa na mfuko wowote kiunoni wala kifuani. Mfuko ulikuwa mmoja, umeshonwa nje ya mguu chini ya goti, na ulifungwa kwa vifungo viwili visivyofanana, kimoja cheupe, kimoja kijani.

Aliketi. Saa tano. Saa tano na nusu. Mama aliyekaa mbele yake alikuwa anamenya chungwa. Fundi aliishika simu mkononi bila kumpigia mtu.

Saa sita kamili ikalia.

"Nimemaliza," alisema Mkasi. Nyuma yake vifungo vilikuwa bado vinagongana ndani ya kopo.

"Vingapi?"

"Arobaini. Unaweza kuvipanga kimoja juu ya kingine ukadhani ni kimoja."

"Hongera, mpenzi wangu."

"Imekukaa?"

"Imenikaa kama ngozi. Lakini huu mfuko, laazizi, mbona uko mguuni? Nani anaweka simu kwenye shavu la mguu?"

"Anayepanda juu ya paa la lifti huku anapokea simu za wauza vipuri. Mama mlinzi hana siri. Sasa ukitaka simu itabidi usimame, ukae chini, ufungue vifungo viwili. Ukishafanya hayo yote, utakuwa umekumbuka swichi."

Fundi alicheka mpaka mama wa chungwa akatabasamu bila kujua sababu.

"Haya," alisema Mkasi. "Siku ile ulipanda ngazi zote zile unahema. Ulitaka kuniuliza nini?"

Mama wa chungwa aliacha kumenya. Fundi hakujali.

"Nilitaka kukuuliza kama utanisubiri mwaka mmoja."

"Hilo tu?"

"Siku ile lilikuwa hilo tu. Leo yako mawili. La pili ni kama utakubali nikuoe."

Alisikia cherehani kwa mbali, zote kumi na mbili, kisha zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki sauti ya Shangazi akisema, "Mjibu basi, watu wana kazi!"

"La kwanza, nitakusubiri," alisema Mkasi. "La pili, ndiyo. Lakini harusi isiwe Jumatatu."

"Ndiyo kwanza nimeanza kuipenda," alisema Fundi. "Siwezi kuipoteza."

Alipokata simu aliinama mpaka chini ya goti, akaitia simu mfukoni, akafunga cheupe, kisha kijani. Alipoinuka, mama wa mbele alikuwa amemnyooshea nusu ya chungwa.